Jinsi ya kufuatilia jina la ukoo la Kiskoti: Livingstone, hatua kwa hatua

Mtaje Livingstone mbele ya Mtanzania uone: Ujiji, mwembe, Stanley, basi. Kwetu jina hilo limekuwa mali ya mtu mmoja. Nilipohamia Glasgow ndipo nikajua kuwa yuko Livingstone fundi bomba, yuko mwalimu wa chekechea, yuko dereva wa basi. Mmoja wao, mwenzangu kazini, aliposikia kwamba siku zangu za mapumziko zinaishia kwenye madaftari ya zamani, aliniomba nimtafutie babu zake. Alikuwa na hakika kwamba yeye na Daktari David Livingstone, yule wa Ujiji, ni ndugu. Tulihangaika miezi miwili. Mwisho wake tukawapata watu wake upande wa Falkirk, na hakuna hata mmoja aliyetoka Ulva, kisiwa alichotoka babu yake Daktari. Jina moja, mashina mawili, na mashina yenyewe hayajuani.

Njia tuliyopita naieleza hapa kwa yeyote mwenye shida kama hiyo. Huenda watoto wako wanabeba jina la baba Mskoti, huenda kuna babu wa Kiskoti aliyeachwa kwenye hadithi za nyumbani, au wewe ni mpenzi wa historia tu. Mfano wangu ni Livingstone mwanzo hadi mwisho, ila utaratibu ni huu huu kwa Murray, Fraser au Campbell.

Hatua ya 1: Anza na mtu, jina liache kwanza

Kosa la wengi ni kuandika jina kwenye kompyuta na kubonyeza. Kinachokuja ni ngao yenye simba au mkono ulioshika upanga, chini yake maneno "nembo ya ukoo wako", na pembeni bei ya kikombe. Usinunue. Uskoti nembo ni ya mtu, si ya jina. Aliyepewa ni fulani, baadaye mrithi wake, na inaandikishwa Edinburgh kwa Lord Lyon, mwenye daftari maalumu la nembo lililoanza mwaka 1672. Anayekuuzia nembo ya jina lote anakuuzia kikombe. Hata zile nguo za miraba, tartani, nyingi zilipangiwa koo baada ya Mfalme George wa Nne kuzuru Edinburgh mwaka 1822 na kila mtu kutaka apendeze mbele yake. Vaa, zinapendeza, ila si ushahidi.

Chukua daftari. Juu kabisa andika mtu unayemjua, aliye hai au aliyekufa juzi: jina, mwaka, mahali. Chini yake wazazi wake, kisha wazazi wa wazazi, mpaka kumbukumbu ikatike. Halafu kaa na wazee, uwaulize kabla hawajaondoka. Kila wanachosema kiandike pamoja na jina la aliyesema na tarehe, maana baada ya mwaka hutakumbuka kama uliambiwa na shangazi au ulikisoma mahali.

Usidharau maneno ya mdomo. David Livingstone alieleza kwamba babu yake aliweza kusimulia habari za vizazi sita vilivyomtangulia, bila karatasi. Mzee wa Pate au Lamu anayeshusha nasaba yake asingemshangaa. Ila maneno hayo ni dira tu. Bado utahitaji karatasi.

Hatua ya 2: Jua jina limetoka kwenye lugha gani

Hapa usiharakishe, maana ndipo watu wengi wanapopotea bila kujua.

Shina la kwanza ni la bondeni, magharibi mwa Edinburgh. Katika karne ya 12, zama za Mfalme David wa Kwanza, mtu aliyeitwa Leving alikuwa na ardhi huko. Kijiji chake kikaitwa kwa jina lake, mji wa Leving, na waliotoka hapo wakaitwa kwa jina la kijiji. Leo pale pana mji mzima, Livingston, uliotangazwa kuwa mji mpya mwaka 1962. Watu wa shina hili walipanda ngazi kweli kweli. Mary Livingston alikuwa mmoja wa wale wasichana wanne, wote wakiitwa Mary, waliomhudumia Malkia Mary wa Uskoti. Mwaka 1600 ukoo ukapata uerli (cheo cha kibwana cha kurithi) wa Linlithgow, na mwaka 1641 ule wa Callendar. Kisha erli wa mwisho akajiunga na maasi ya mwaka 1715, yakashindwa, na mwaka uliofuata akanyang'anywa kila kitu.

Shina la pili liko kaskazini magharibi, kwenye Nyanda za Juu na visiwa vyake. (Mtanzania akisikia Nyanda za Juu anawaza Mbeya na Iringa, baridi wanafanana, mahindi hapana.) Huko walisema Kigaeli, na jina halikuwa Livingstone hata kidogo. Walikuwa Mac an Lèigh, yaani mwana wa tabibu, au Mac Dhuinnshlèibhe, mwana wa Donn wa mlimani. Wataalamu bado wanavutana lipi ndilo la asili. Kwa kifupi waliandikwa MacLea. Kiini chao ni kisiwa cha Lismore, karibu na Oban, ambako ukoo mmoja umerithishana kazi ya kutunza fimbo ya Mtakatifu Moluag, mmisionari wa karne ya 6. Fimbo yenyewe ni mti mtupu usiofika mita moja, na mpaka leo iko mikononi mwa Livingstone wa Bachuil.

Ilikuwaje MacLea akawa Livingstone? Katika karne ya 17 karatasi za serikali na za wenye ardhi ziliandikwa na makarani wasiokijua Kigaeli au wasiokitaka, na Livingstone lilikuwa jina la wakubwa wa bondeni, lenye heshima yake. MacLea wengi wakalivaa kama mtu avaavyo koti la kwendea ofisini. Nyumbani waliendelea kuitana kwa Kigaeli.

Kumbuka pia kwamba "Mac" ni kama "bin" yetu. Mwanamke kwa Kigaeli hakuwa Mac, alikuwa Nic, yaani binti. Karani wa Kiingereza hakujali. Kwake wote ni Mac. Ni kama Fatuma binti Juma aandikwe "Fatuma bin Juma", na wajukuu wabaki wanashangaa bibi yao alikuwa mwanamume. Tena wako waliobadili jina kwa kulazimishwa. MacGregor walipigwa marufuku kulitumia jina lao mwaka 1603, wakaruhusiwa, wakakatazwa tena, na zuio halikuondolewa moja kwa moja mpaka 1774. Mwenye babu MacGregor humpata amejificha ndani ya Murray, Campbell au Drummond.

Sasa orodhesha maandiko yote ya jina lako. Kwa Livingstone yangu ilikuwa hivi: Livingston, Livingstone, Livingstoun, Levingston, MacLea, MacLeay, McLay, M'Lea. Ile herufi "e" ya mwisho isikupe shida. David mwenyewe kwa miaka mingi alisaini Livingston, bila "e". Herufi ilirudi akiwa mtu mzima mwenye sifa zake.

Hatua ya 3: Ingia kwenye vyeti, ukianza na kifo

Kumbukumbu rasmi za Uskoti ziko sehemu moja: tovuti ya ScotlandsPeople, ya idara ya kumbukumbu ya taifa. Kujiandikisha na kutafuta majina ni bure. Unalipa krediti unapotaka kuona picha ya karatasi yenyewe. Vya karibuni hutaviona mtandaoni: kuzaliwa lazima kuwe kumepita miaka 100, ndoa 75, kifo 50. Ukiwa Edinburgh unaweza kwenda kukaa kwenye kituo chao, kwenye majengo ya kumbukumbu upande wa mashariki wa Princes Street, ukalipa kwa siku na kusoma mpaka macho yakuume.

Uandikishaji wa serikali ulianza tarehe 1 Januari 1855. Wengi hukimbilia cheti cha kuzaliwa. Mimi nasema anza na cha kifo. Cheti cha kifo cha Kiskoti kinataja baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la mama kabla hajaolewa. Kwa hiyo mzee aliyekufa mwaka 1856 akiwa na miaka 80 anakupa wazazi waliooana katika karne ya 18. Karatasi moja, vizazi viwili. Cha ndoa nacho kinataja wazazi wa pande zote mbili.

Ukibahatika ndugu yako awe amezaliwa, ameoa au amekufa mwaka 1855 wenyewe, shukuru. Mwaka huo wa kwanza serikali iliuliza kila kitu. Kwenye kifo utakuta mahali alipozaliwa, muda aliokaa wilaya ile, watoto wake kwa majina na umri, hata alipozikwa. Makarani walilemewa, na mwaka 1856 maswali mengi yakafutwa. Tarehe ya ndoa ya wazazi ilirudishwa kwenye cheti cha kuzaliwa mwaka 1861.

Jambo lingine linalowafurahisha watu wa pwani: mwanamke wa Kiskoti hakupoteza jina la baba yake kwenye karatasi. Utamkuta kaandikwa kwa majina yote mawili, la mume na la kwao, na kwenye mawe ya makaburi mara nyingi limechongwa lile la kwao. Ukikwama kwa mume, mfuate mke.

Hatua ya 4: Sensa ikuambie mahali

Sensa zenye majina zilianza 1841, kila baada ya miaka kumi. Ya 1841 ina mtego. Umri wa watu wazima ulishushwa hadi kwenye tano ya karibu, kwa hiyo mwenye 39 kaandikwa 35, na kuhusu kuzaliwa wanakuambia tu kama ni ndani ya kaunti hiyo au nje. Ya 1851 ndiyo dhahabu, maana inataja uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba, na parokia aliyozaliwa.

Hapo ndipo tulipomaliza ubishi na mwenzangu. Picha ilifunguka, wino umegeuka kahawia, mistari ya karani imelala kulia kama nyasi. Tukashuka na kidole: jina, mkuu wa nyumba, kaoa, umri, kazi. Kwenye safu ya mwisho, mahali pa kuzaliwa, palikuwa na neno moja refu lenye mkia, na chini yake "do", "do", "do", yaani kama juu. Yeye alitaka liwe Kilninian, parokia ya Mull ambayo Ulva imo. Lilikuwa Falkirk, kaunti ya Stirling. Akaniomba nikuze picha. Nikaikuza, ikabaki Falkirk.

Kwa hiyo ukiona Livingstone aliyezaliwa Argyll, iwe Lismore, Appin, Morvern au Mull, uko upande wa MacLea. Ukiona Linlithgow, Falkirk au Stirling, uelekeo ni wa Leving. Si sheria ya Musa, watu walihama, lakini mahali pa kuzaliwa pana nguvu kuliko tahajia yoyote. Kuanzia 1881 sensa iliuliza pia nani anasema Kigaeli, na jibu hilo likiwa ndiyo kwa bibi wa miaka 70 anayeishi Glasgow, ujue alikotoka si bondeni.

Hatua ya 5: Kabla ya 1855, nenda kanisani

Huko nyuma kuna daftari za parokia za Kanisa la Uskoti: ubatizo, matangazo ya ndoa, mazishi kidogo. La zamani kuliko yote ni la Errol, Perthshire, mwaka 1553. Usitegemee hivyo visiwani, ambako madaftari mengi yanaanza karne ya 18 imekwisha kukolea, na kurasa nyingine zina mapengo. Wakatoliki wana yao.

Utakutana na tatizo la majina machache. Parokia moja, Neil Livingstone watatu, John saba. Niliwahi kumfuata Neil asiye wetu kwa wiki tatu nzima, nikamjengea na mti wake hadi vitukuu, kwa sababu nilibonyeza jibu la kwanza na sikusoma jina la mama yake. Kosa langu mwenyewe. Tangu siku hiyo sikubali mtu mpaka vitu vitatu vikubaliane: jina la mama, mahali, na kazi au mashahidi.

Kinachosaidia ni desturi ya kuwapa watoto majina ya wazee, ambayo hakuna haja ya kumfafanulia mtu wa kwetu. Mtoto wa kiume wa kwanza kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, wa tatu kwa baba mwenyewe. Wa kike wa kwanza kwa bibi mzaa mama, wa pili kwa bibi mzaa baba, wa tatu kwa mama. Haikufuatwa na wote, ila ukiona mtoto wa kwanza anaitwa Hector kwenye nyumba ya akina Neil na John, kamtafute babu Hector.

Ukitafuta kwenye ScotlandsPeople, tumia alama ya nyota palipo na shaka: Liv*ngst* inakamata maandiko mengi kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 6: Fuata nyayo za kuhama, na uhesabu miaka

Babu yake David, naye Neil, alilima shamba dogo Ulva. Baba yake Neil huyo, kwa masimulizi ya familia, alikufa vitani Culloden, 16 Aprili 1746. Mnamo 1792 shamba halikutosha tena, wakahamia Blantyre kando ya mto Clyde, kwenye kiwanda cha pamba. David alizaliwa pale 19 Machi 1813, familia nzima chumba kimoja, na akiwa na miaka 10 aliingia kiwandani kuunganisha nyuzi zinazokatika.

Ukisikia simulizi kwamba familia hiyo ilifukuzwa na mwenye kisiwa, chukua kalamu. Kuwafukuza watu Ulva kwa kishindo kulianza mwaka 1846, mwaka ugonjwa ulipoozesha viazi. Mmiliki, Francis William Clark, aliwaondoa takriban theluthi mbili ya wakazi kwa miaka michache. Wakati huo Livingstone wa Blantyre walikuwa wameondoka zaidi ya nusu karne. Njaa ya ardhi iliwatoa, si bwana Clark. Kila hadithi ya familia ipimwe hivyo, kwa mwaka.

Waliofukuzwa walivuka bahari. Angalia orodha za jumuiya ya kusaidia wahamaji wa Nyanda za Juu na visiwa, iliyosafirisha watu wapatao 5,000 kwenda Australia kati ya 1852 na 1857. Kumbukumbu zake zimehifadhiwa Edinburgh. Wengine walikwenda Nova Scotia na Ontario. Kaka yake David, John, alihamia Kanada, na mdogo wao Charles akaenda Marekani kusoma.

Shina la bondeni lilivuka mapema zaidi. Robert Livingston alizaliwa Ancrum, Uskoti, mwaka 1654. Baba yake mchungaji alifukuzwa nchini kwa msimamo wake wa dini, wakakimbilia Rotterdam, na huko kijana akajua Kidachi sawasawa. Kidachi hicho ndicho kilichomfungulia milango Albany, New York, penye wafanyabiashara Wadachi watupu. Mwaka 1686 alikuwa na hati ya manor, yaani milki kubwa ya ardhi, ya ekari 160,000. Mjukuu wake Philip alitia saini Azimio la Uhuru la 1776, na Robert R. Livingston ndiye aliyemwapisha George Washington mwaka 1789. Kwa hiyo Mmarekani Livingston akikuambia ni ndugu wa Daktari, muulize kwa upole: wa Ancrum au wa Ulva?

Mahali pengine jina lilifika bila damu. Bunny Wailer wa reggae, jina lake la kuzaliwa ni Neville Livingston. Jamaika imejaa majina ya Kiskoti kwa sababu imejaa historia ya mashamba ya miwa na watumwa, na jina pekee halikuambii kama lilitoka kwa baba, kwa mwenye shamba, au kwa msimamizi. Huko anza na daftari za watumwa, zilizoanza Jamaika mwaka 1817, na ujiandae kuona watu wameandikwa jina moja tu, bila ukoo.

Kwetu ni hivyo hivyo. Livingstone wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa kawaida ni jina la ubatizo, halina uhusiano na Lismore. Mfikirie Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, aliyesafiri na mwili wa Livingstone pamoja na watumishi wake Chuma na Susi mpaka Bagamoyo, kisha akabeba jeneza ndani ya Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Anayetafuta ukoo wa Wainwright Uingereza ili ampate Jacob hatampata.

Na kuna wanaolitupa jina. Robert, mtoto wa kwanza wa kiume wa David, alikwenda Marekani na kupigana upande wa Kaskazini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alikufa mfungwa Salisbury, North Carolina, Desemba 1864, akiwa na miaka 18. Jeshini alijiandikisha Rupert Vincent. Ungepekua kila Livingstone wa jeshi lile usimwone. Alijulikana kwa barua alizoandika nyumbani, si kwa daftari. Kwa hiyo mtu akipotea ghafla kwenye sensa, kabla hujaandika "amekufa", uliza kama kuna barua kwenye sanduku la mtu.

Kuhusu vinasaba: kipimo cha kromosomu Y kinafuata ubabani, kama jina la ukoo, na kinaweza kukuonyesha kama wewe na Livingstone fulani mna babu mmoja. Fanya ukiwa umekwama kwenye karatasi, si kabla. Na jiandae kisaikolojia. Kipimo hakina adabu.

Hatua ya 7: Nenda

Kabla ya safari, fungua ramani za Maktaba ya Taifa ya Uskoti, bure mtandaoni, utafute kijiji kwenye ramani za inchi sita za karne ya 19. Majina ya vijiji vilivyokufa bado yamo.

Lismore unafika kwa feri kutoka Oban, au kwa boti ndogo ya abiria kutoka Port Appin. Ulva unapitia Mull, mpaka barabara inapoishia majini. Tangu 2018 kisiwa ni mali ya jamii ya hapo. Hakuna kibanda cha tiketi upande huo. Kuna kibao ukutani. Unakisogeza, rangi nyekundu inatokeza, mwenye boti akiiona kutoka ng'ambo anawasha mashine anakuja kukuchukua.